Mpira wa Pedeli ni Sehemu ya Breki

Kuna hoja inayozunguka katika gereji za Kigali, kuanzia Gatsata mpaka Gikondo, na imezunguka muda mrefu hata imekosa wa kuihoji. Inasema breki ni pedi, diski, mafuta ya breki na mabomba yanayoyapeleka. Ule mpira mweusi uliovishwa juu ya pedeli ni urembo tu. Ukiisha, umeisha. Gari litasimama vilevile, kwa kuwa kinacholisimamisha kiko kwenye magurudumu na wala si chini ya kiatu. Nimeisikia kwa mafundi hodari ambao ningewakabidhi injini yangu bila wasiwasi, nimeisikia kwa madereva wa teksi waliozeekea barabarani, na nimeisikia kwa watu wenye magari ya thamani kubwa. Nasema ni hoja potofu, na katika mji wa milima na mvua kama huu ina madhara kuliko mahali pengi.

Tuipe kwanza haki yake. Ukimwonyesha fundi pedeli iliyolika, atakujibu kwa swali: "Mzee, ukikanyaga, gari halisimami?" Linasimama. "Basi shida iko wapi?" Swali hilo linaonekana limefunga mjadala, na mwenye haraka hulipa hesabu yake akaondoka. Lakini fundi ameuliza jambo moja tu: mguu ukiwa juu ya pedeli, breki inafanya kazi? Hajauliza kama mguu utabaki juu ya pedeli. Pedi nzuri, diski mpya na mafuta safi havina la kufanya ikiwa soli imeteleza kabla ya kuvisukuma.

Breki ya gari dogo huanzia kwenye unyayo wa dereva. Unyayo husukuma pedeli. Pedeli, kwa urefu wa mkono wake, huizidisha nguvu hiyo. Servo huongeza msaada kwa kutumia tofauti ya shinikizo kati ya hewa ya nje na ombwe linalotokana na injini. Masta silinda hugeuza msukumo huo kuwa shinikizo la mafuta, na mafuta hubana pedi kwenye diski. Karibu kila hatua katika safari hiyo ina mtu wa kuikagua. Fundi atapima unene wa pedi, atapitisha kidole kwenye diski akitafuta mikwaruzo, atafungua kifuniko cha mafuta, atalala chini ya gari kutafuta bomba linalovuja. Hatua ya kwanza, pale binadamu anapokutana na mashine, hakuna anayeitazama.

Kigali inaongeza jambo ambalo dereva wa Mombasa au Dar es Salaam halimhusu. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Kigali unapita mita 1,800. Kwenye kimo cha Kanombe shinikizo la hewa limepungua kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na pwani, na servo ya kawaida ya ombwe inaitegemea hewa hiyo. Ukisimama polepole kwenye taa za barabarani hutaona tofauti yoyote. Tofauti iko pale unapokanyaga kwa nguvu zako zote: msaada wa servo unafika ukingoni mapema kuliko ambavyo ungefika pwani, na kinachopungua lazima kitoke kwenye paja lako. Kwa maneno mengine, katika dharura dereva wa gari la namna hiyo hapa Kigali anatakiwa akanyage kwa nguvu zaidi ya mwenzake wa Mombasa, halafu tunamwambia mpira ulio chini ya kiatu chake hauna kazi.

Una kazi, na kazi yenyewe inaonekana kwa macho. Fungua mlango wa dereva, washa tochi ya simu, piga goti. Mpira mpya wa pedeli una mistari iliyoinuka, na kati ya mistari kuna mifereji. Mifereji hiyo inayapa maji, tope na vumbi pa kukimbilia pale soli inapobanwa juu yake. Kingo za mistari ndizo zinazouma soli isihame. Ukingo wa nje wa mpira umeinuka kidogo, na huo unaujulisha mguu mahali pedeli inapoanzia na inapoishia bila dereva kuinamisha kichwa. Mpira uliolika umepoteza vyote hivyo. Unang'aa kama umepigwa rangi. Ukipitisha ukucha, hakuna mfereji wa kuudaka. Ukiwa umelika zaidi, pembe moja imetoboka na chuma kinachungulia, chuma kilichosuguliwa na viatu mpaka kikawa laini.

Dereva yuleyule anayeitetea pedeli ya namna hiyo hatakubali kwenda Musanze kwa tairi kipara. Anajua kwamba tairi lisilo na kashata linashika vizuri kwenye lami kavu na kumsaliti kwenye lami yenye maji. Mpira wa pedeli unafuata kanuni hiyohiyo. Kiatu kikavu juu ya mpira mlaini kinashika, ndiyo maana kiangazi cha Juni mpaka Agosti kinampa dereva imani ya uongo. Mvua inapoanza, utando mwembamba wa maji unakaa kati ya soli na mpira, na haupati mfereji wa kuondokea.

Sasa tazama pale mpira unapolikia. Kwenye pedeli ya breki aghalabu ni pembe ya kulia, chini. Sababu ni kwamba kisigino cha dereva hukaa sakafuni, na mbele ya mguu huzunguka kutoka pedeli ya mafuta kuja kwenye breki na kurudi, siku nzima, ukiisugua pembe ileile. Upande wa kulia wa breki kuna nini? Kuna pedeli ya mafuta. Mguu ukiteleza kwenye pembe iliyolika hauangukii mahali pasipo na kitu, unaangukia pale panapoliongezea gari mwendo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichapisha mwaka 2012 utafiti mzima kuhusu makosa ya pedeli, na mguu kuteleza kutoka kwenye breki ni mojawapo ya makosa yaliyozungumziwa humo. Hilo ni jambo linalojulikana na waliokabidhiwa kuhesabu ajali. Wasiolijali ni sisi tunaoendesha.

Watu wataniambia kwamba mtelezo wa mguu ni wa nusu sekunde tu, unarudisha mguu na mambo yanaendelea. Tupige hesabu. Gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Nusu sekunde ni zaidi ya mita nane. Kwenye mtelemko wa kutoka mjini kuelekea Kimicanga, au ule wa kutoka Nyamirambo kupitia Kimisagara kwenda Nyabugogo, mita nane ndiyo nafasi yote uliyonayo nyuma ya pikipiki iliyosimama ghafla kuchukua abiria, na ndiyo nafasi yote kati yako na mama aliyeingia kwenye zebra akiamini kwamba utasimama. Kigali imejenga sifa ya kuheshimu zebra, na mtembea kwa miguu anavuka bila kukutazama usoni. Imani hiyo anaiweka kwenye mguu wako.

Na mguu wenyewe unafikaje kwenye gari? Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, saa tano asubuhi, wengi wetu tukiwa na gambuti au viatu vya kazi vilivyojaa udongo mwekundu. Tunavipangusa kidogo kwenye nyasi, tunaingia garini. Machi mpaka Mei mvua za masika zinageuza barabara za vitongoji visivyo na lami kuwa tope zito, na mtu anatembea hatua kumi tu kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, soli yote imeshajaa. Ijumaa mchana Nyamirambo, watu wanatoka msikitini na makubazi au kandambili, miguu bado ina unyevu wa udhu, na wengi wanaondoka na magari yao vivyo hivyo. Siwalaumu. Hayo ndiyo maisha ya mji huu, na mhandisi aliyechora ile mifereji kwenye mpira aliyafikiria maisha ya namna hiyo.

Kuna adui mwingine, na huyu tunamlipa wenyewe. Peleka gari kwenye kinamba likaoshwe. Kijana mwenye bidii atamaliza bodi, atafyonza vumbi ndani, kisha atachukua chupa ya dawa ya kung'arisha dashibodi, apake plastiki zote ziwe nyeusi tii. Akiona pedeli zimepauka, naye anataka kazi yake ipendeze, atazipaka pia. Dawa nyingi za aina hiyo zina silikoni, na silikoni juu ya mpira ni utelezi unaodumu siku kadhaa. Mpira mzima utavumilia kwa sababu ya mistari yake. Mpira uliolika ukipakwa dawa hiyo ni hatari tupu. Mwambie kijana kabla hajaanza: pedeli ni kitambaa chenye maji na basi, usizipake kitu.

Hoja ya pili inayoletwa ni ya karatasi. "Gari langu limepita kontroli tekiniki." Nawaheshimu wakaguzi wa kituo cha Polisi pale Remera, na naamini ukaguzi wa magari umeokoa maisha katika nchi hii. Lakini mwenye gari anaibebesha karatasi ile mzigo usio wake. Mashine ya roli hupima nguvu ya breki kwenye magurudumu. Mkaguzi ameketi sawasawa, anakanyaga polepole akijua anachokifanya, juu ya sakafu tambarare, bila mtoto kukatiza mbele yake. Roli haziwezi kupima kama soli yako yenye tope itashika mwezi wa Aprili ukishuka Muhima. Hilo linakaguliwa kwa jicho na kidole, na wewe unavyo vyote viwili.

Kwa anayedhani nakuza jambo dogo, natazama Ulaya, kwa sababu huko ndiko yalikotoka magari mengi ya usukani wa kushoto tunayoyaendesha. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukaguzi wa magari, namba 2014/45 ya Aprili 2014, yanaitaja kinga ya kuteleza ya pedeli ya breki kwa jina lake: ikikosekana, ikilegea au ikilika mpaka ikawa laini, hiyo ni kasoro kubwa. Uingereza inayo kanuni hiyohiyo katika ukaguzi wake wa kila mwaka. Kasoro kubwa maana yake gari limeanguka mtihani. Basi gari lililopakiwa melini Antwerp na pedeli iliyolika, ambalo Mbelgiji asingeruhusiwa kuendelea kuliendesha bila kuirekebisha, linafika Kigali na tunaambiana kwamba kasoro ileile ni urembo uliochakaa. Sheria za msuguano hazikubadilika baharini.

Nije kwenye hoja ya tatu, ambayo naiona mbaya kuliko zote kwa kuwa imevaa nguo za busara. Inatoka kwa wanunuzi na madalali wa magari yaliyotumika. Wanasema mpira wa pedeli usiuguse kabisa, kwa sababu ndio shahidi wa kilomita. Dashibodi inaweza kurudishwa nyuma. Mpira hausemi uongo. Gari linalodai kilomita 70,000 huku pedeli zake zimelika mpaka chuma limeshikwa ugoni. Na gari lenye mpira mpya, kwa mantiki hiyo, lina mwenye kuficha jambo. Kwa hiyo mwenye gari anayetarajia kuliuza baada ya miaka miwili anaiacha pedeli kipara ili asitiliwe shaka siku ya kuuza.

Shahidi huyu ni dhaifu. Klachi ya gari linaloishi katika foleni ya Sonatubes na vilima vya Gisozi hukanyagwa mara nyingi mno kwa kilomita chache. Gari linalokwenda Huye na kurudi kwenye barabara kuu linaweza kukusanya kilomita nyingi zaidi na mpira wake ukabaki na mistari. Kuna dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, mguu wake hauondoki pale. Huyo ataumaliza mpira na sahani ya klachi pamoja. Kuna mwenye viatu vya soli ngumu na mwenye raba laini. Mpira unakueleza mguu umefanya nini, haukuelezi gari limekwenda wapi. Na kama ni ulaghai, mlaghai anayeweza kuirudisha dashibodi nyuma hashindwi kununua mpira mpya, ambao ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika gari zima. Mpira mpya si ushahidi wa uongo, wala wa zamani si ushahidi wa ukweli. Anayetaka kuzijua kilomita za gari atazame kumbukumbu za sevisi, karatasi za ukaguzi za miaka iliyopita, ngozi ya usukani, na povu la kiti upande wa mlango.

Lakini ninachotaka kila mnunuzi akifikirie ni hiki. Siku ya kununua, anainama. Anaimulika pedeli, anaiona imelika, anatikisa kichwa, anamwambia muuzaji, "Kaka, hili gari limechoka, punguza." Bei inapungua. Anatia saini, anaondoka na gari, na tangu siku hiyo haiangalii tena ile pedeli. Aliutumia ubovu kupata punguzo, kisha akawapakia mke na watoto juu yake. Alikuwa na macho ya kuuona alipokuwa na pesa za kuokoa. Kwa nini asiwe nayo alipokuwa na watu wa kuwalinda? Mwenye kuogopa kutiliwa shaka siku ya kuuza ana njia rahisi: autie mpira wa zamani kwenye mfuko wa karatasi pamoja na risiti ya mpya, auweke kwenye kisanduku cha dashibodi. Mnunuzi akiuliza, amwonyeshe vyote. Mtu anayehifadhi risiti ya mpira wa pedeli ametunza na mengine.

Kuna kundi ambalo halina hata nafasi ya kuchagua, nalo ni madereva walioajiriwa. Mji huu una magari mengi ya ofisi, ya miradi na ya kampuni, ambayo mwenye uamuzi anakaa kiti cha nyuma. Yeye anakiona kiyoyozi kikikataa, anakiona kioo kikigoma kufunguka, na hayo hutengenezwa mara moja. Pedeli haioni. Dereva akiandika "raba za pedeli" katika orodha ya mahitaji, ni mstari mwepesi kukatwa, na dereva naye anaogopa kuonekana mtu wa madai madogomadogo. Wakubwa wa maofisi, nawaomba mfungue mlango wa mbele wa gari mnalopakiwa kila asubuhi mkajionee. Uhai wenu uko pale.

Magari ya umeme na ya mseto yanayoongezeka Kigali hayafuti hoja hii. Ni kweli kwamba mengi yao hayategemei servo ya ombwe, kwa hiyo lile jambo la kimo cha mji haliyagusi. Ila kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo, pedi zao hudumu sana, na gari linaweza kukaa muda mrefu bila fundi kuisogelea breki. Mpira wa pedeli hausubiri. Unalika kwa viatu.

Wapo wanaokubali kwamba mpira umekwisha, halafu wanakimbilia dukani kununua vifuniko vya alumini vinavyometameta, vya kufunga kwa skrubu au kubana juu ya pedeli. Naviona vibaya kuliko mpira uliolika. Vinaongeza unene na kubadilisha nafasi kati ya breki na mafuta, ambayo mtengenezaji aliipima. Skrubu zake hulegea kwa mtikisiko. Na alumini yenye vidoti vichache vya mpira ikilowa ni utelezi. Kifuniko kikichomoka kikaingia nyuma ya pedeli, pedeli haishuki.

Na kitu kilichovishwa vibaya juu ya pedeli kinaweza kufanya nini? Jibu lilitolewa na kampuni kubwa yenye wahandisi kila kona. Aprili 2024 Tesla iliyaita kiwandani magari yake 3,878 ya Cybertruck nchini Marekani. Kipande kinachovishwa juu ya pedeli ya mafuta kilikuwa kinaweza kuteleza kikapanda juu, kikanasa kwenye plastiki ya ndani ya gari, na pedeli ikabaki imekanyagwa. Sababu iliyotajwa katika taarifa rasmi ni sabuni. Katika kuunganisha, ilikuwa imeanza kutumiwa sabuni ili kipande kiingie kwa urahisi, jambo ambalo halikuidhinishwa, na masalia yake yakakifanya kipande kisishike. Kwa ajili ya kifuniko cha pedeli, kampuni ililazimika kulirekebisha kila gari la aina hiyo lililokuwa limeshauzwa. Anayeniambia kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala, naomba aisome taarifa hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza mpira ubadilishwe, na ubadilishwe sawasawa. Zima gari, vuta breki ya mkono. Shika mpira wa zamani kwa pembe moja ya chini uuvute. Midomo yake inayokumbatia sahani ya chuma kwa nyuma itaachia. Hapo usiharakishe. Itazame sahani: ina kutu? Ina ufa karibu na mahali ilipochomelewa? Itikise pedeli kulia na kushoto. Ikicheza sana, bushi zake zimekwisha na hilo ni la fundi. Futa kutu kwa msasa mwepesi, pangusa, acha ikauke. Mpira mpya uloweke dakika chache kwenye maji ya moto ili ulainike. Usitumie grisi, usitumie mafuta, na baada ya kisa cha Cybertruck sioni kwa nini mtu atumie sabuni. Anza kuvisha upande mmoja mrefu, kisha vuta upande wa pili uvuke ukingo, ukijisaidia na bisibisi butu isiyoweza kuuchana. Pitisha kidole nyuma ya sahani, pande zote nne, uhakikishe mdomo wa mpira umeingia kila mahali. Mwisho ushike kwa nguvu ujaribu kuuzungusha. Ukizunguka, si saizi yake, urudishe dukani.

Kuhusu saizi, mpira wa breki ya gari la otomatiki ni mpana kuliko wa gari la gia za mkono, hata kama magari yote mawili ni Corolla. Nenda na ule wa zamani mkononi au na namba ya spea. Na usitishwe na usukani: mpangilio wa pedeli ni uleule kwa magari ya kulia na ya kushoto, klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Mpira ulioletwa kutoka Kampala au Dar es Salaam utakufaa ikiwa namba ni moja. Ukunje kabla ya kulipa. Mpira mzuri hujirudisha, plastiki ngumu iliyopakwa weusi hupata alama nyeupe pale ilipokunjwa.

Bado nasikia sauti ya mwisho, ile ya mkongwe: dereva mzuri mguu wake hautelezi. Mzee wangu, mguu wa dereva mzuri hautelezi akiwa ametulia. Katika mshtuko hakuna anayechagua mahali pa kukanyaga. Mguu unaruka kwa nguvu zake zote na kutua pale unapotua, katikati ya pedeli au pembeni. Uzoefu unakupa jicho la kuiona hatari mapema. Hauipi soli yako meno.

Tangu Mei 2019 kampeni ya Gerayo Amahoro imetufundisha kuhusu mwendo, pombe, simu na zebra, na kamera za barabarani zimetufanya tuuheshimu mwendo hata pasipo na askari. Yote ni sahihi na yaendelee. Ninaloomba ni mstari mmoja zaidi. Polisi waitaje pedeli katika mafunzo yao, na shule za udereva, ambazo magari yake hukanyagwa na wanafunzi kutwa, ziwe za kwanza kuwa na mpira wenye mistari, ili mwanafunzi ajue toka siku ya kwanza pedeli nzima inavyohisika. Mafundi wa Gatsata, mnapofungua gurudumu kutazama pedi, fungueni na mlango wa dereva. Itawachukua muda mfupi kuliko kuifungua nati moja. Na wewe unayesoma haya, kabla ya kuwasha gari kesho asubuhi, piga goti uimulike pedeli ya breki. Ukucha usipopata mfereji, nunua mpira kesho hiyohiyo. Ukiona chuma, gari hilo lisipande mlima wala kushuka mpaka uwe umebadilisha.